Mgongo wa Oddgeir

Oddgeir Tveitnes alikuwa na mgongo uliopinda. Akiwa ameketi usingeuona. Akisimama, bega la kushoto lilitangulia kama linataka kupita mlangoni peke yake. Baba yake alikuwa hivyo hivyo, na babu yake pia, na kisiwani kwetu Skjelvøya hakuna aliyewahi kuuliza sababu. Ulikuwa mgongo wa kina Tveitnes, basi.

Shida ilianza pale kituo cha utafiti wa samaki kilipojengwa na Oddgeir akapata kazi ya kuwalisha samoni.

Miaka ile wafugaji wa pwani nzima walikuwa wanalia na samoni waliopinda. Samaki anakula vizuri, ananenepa, lakini pingili za uti wa mgongo zimeshikana na mkia umesogea karibu na kichwa. Mashine kiwandani hazijui zimpasue wapi. Basi tukaletewa wataalamu wawili. Profesa Ingebrikt, mwenye soksi za sufu na viatu vya wazi mwaka mzima, kazi yake ilikuwa kubana pingili za samaki kwenye mashine ili aone gegedu lililo katikati linabonyea kiasi gani kabla halijakubali yaishe. Daktari Sunniva alishughulika na vinasaba. Yeye ndiye aliyeamua dume gani azae na jike gani. Kila majira ya kuchipua samaki walipewa dawa ya usingizi wakapigwa picha za eksirei, na familia zenye migongo mibovu zikaondolewa.

"Ukoo huu tunaufunga," Sunniva alikuwa akisema kwa upole, kisha anakwenda kunywa kahawa. Oddgeir ndiye aliyewabeba waliofungwa.

Mtu akisikia maneno hayo kila siku yanamwingia. Oddgeir akaanza kusimama ameegemea ukuta. Akaacha kuvua shati kwenye bafu la mvuke, ambako tulikuwa tumeuona mgongo ule tangu utoto.

Kwenye kantini ya kituo alikuwapo Solbjørg Nygjerde, mjane asiye na mtoto, mpishi wetu. Ijumaa alituokea vafla, zile keki bapa za kubanwa kati ya vyuma viwili, na siku hiyo hakuna aliyeugua. Oddgeir alimtengenezea paa lake lote bila kuombwa. Solbjørg akamfumia sweta, upande wa kushoto ameuongezea upana kidogo, na hakusema neno juu ya hilo. Kwetu mambo kama hayo yanakaribia kabisa kutangazwa ndoa kanisani. Lakini mwaka wa pili ulipita, kisha wa tatu, na Oddgeir hakufungua mdomo.

Vuli ile dada wa Solbjørg akamtafutia kazi kwenye jiko la hospitali ya Bodø, mji wa mbali huko bara. Solbjørg alitutangazia wakati wa chakula huku akimtazama Oddgeir. Oddgeir akatazama mkate wake na jibini yake ya kahawia, akautazama sana.

Tulipokuwa tunavaa mabuti turudi kwenye matangi nilimuuliza anangoja nini. Akaniambia yeye ni ukoo wa kufungwa. Nilicheka, nikaona hacheki. Solbjørg anataka watoto, akasema, na yeye amebeba ndoo kwa ndoo za samaki waliokosa kwa mgongo tu. Sasa na yeye akazae? Ila alikuwa amepata njia. Mtu mwingine angemuuliza mchungaji, au mama yake, au mwanamke mwenyewe. Oddgeir aliamua kumuuliza daktari wa samaki.

Alimuuliza Ijumaa pale kantini, sote tukiwa mezani, akidhani Solbjørg yuko stoo.

"Sunniva, tuseme kuna dume," alianza. "Mgongo umepinda. Baba yake pia. Babu yake pia."

"Tangi la ngapi?"

"Hayumo tangini."

Sunniva akamtazama, akalitazama bega, akaelewa, akawa mwekundu mpaka masikioni. Mtu wa kawaida angeishia hapo. Lakini elimu ilikuwa imeshamkamata.

"Ana ndugu?"

"Dada mmoja. Amenyooka kama mlingoti."

"Walikuzwa kwenye joto gani?"

"Baridi. Mama ni bahili wa kuni."

"Dume alikua haraka?"

"Wapi. Suti ya kipaimara inanitosha mpaka leo."

Ingebrikt alishindwa kuvumilia. Akachukua vafla, akaikata vipande, akapaka jamu katikati, akatuambia hii jamu ndiyo gegedu. Kisha akaikandamiza upande mmoja kwa kiganja. Mtoto anayevuta makasia kila siku kwa mkono uleule, alisema, gegedu lake changa linabanwa upande mmoja na mfupa unakua kwa kulifuata. Huenda si damu, ni mtumbwi. Sunniva akasema huenda ni damu na mtumbwi. Wakabishana hadi jamu ikafika kwenye mikono ya koti la profesa, na Oddgeir katikati yao kama mshtakiwa, anageuza kichwa huku na huku. Mwisho wakakubaliana kwamba haijulikani. Zingehitajika koo nyingi, ruzuku mpya na miaka minne, pengine mitano.

"Lakini swali ni zuri sana," Sunniva alisema.

Oddgeir akatikisa kichwa kukubali. Akaninong'oneza kwamba miaka minne si mingi, ikiwa mwisho utapata uhakika.

Hapo Solbjørg akatoka nyuma ya kaunta, upawa wa unga mkononi. Hakuwa stoo.

"Oddgeir, mimi nina miguu bapa. Mama yangu alikuwa kiziwi wa sikio moja, na ukoo wetu mzima unakoroma. Mbona hayo hukuniulizia kwa daktari?"

"Miguu sikuijua," Oddgeir akajibu.

"Sasa umeijua. Mimi si wa tangini nikachaguliwe dume, najichagulia. Bodø nawapigia simu leo. Niwaambie nini?"

Kwetu, mambo yakifika hapo, watu hutazama kahawa. Tuliitazama wote. Sunniva akafungua mdomo, nadhani alitaka kuongeza jambo kuhusu miguu bapa, na Ingebrikt akamkanyaga chini ya meza. Mwaka ule kituo hakikufanya utafiti wenye faida kuliko mkanyago huo.

"Waambie watafute mpishi mwingine," alisema Oddgeir, kwa sauti ambayo meza ya pili hawakuisikia, wakaulizana.

Solbjørg akarudi mbio jikoni, vafla ilikuwa inaungua.

Walioana Juni. Mwaka uliofuata wakapata binti, na sisi wote tukaenda kumwona kwa zamu. Sunniva alikuja na maua. Alimpokea mtoto vizuri, akamsifia kidogo, kisha akamlaza kifudifudi mapajani na kuanza kupitisha kidole kwenye mgongo, taratibu, pingili baada ya pingili. Solbjørg akamnyang'anya, akamgeuza, akamrudishia.

"Anza na uso," akamwambia, "kama watu wengine."