Mwisho Uliokuwa na Trekta

Kiburi cha ualimu kiliniponza, nami nakiri mwenyewe kabla wanafunzi wangu wa zamani hawajanisema.

Nilifundisha Kiswahili Masanze, enzi za vijiji vya ujamaa. Darasa la sita tulikuwa na kitabu kimoja tu, hadithi ndefu ya kishairi kuhusu sultani katili na binti yake. Kila siku niliandika beti ubaoni, watoto wakaziimba. Tulipokaribia mwisho nikakuta mchwa wamekula kurasa zote zilizobaki. Niseme sijui? Mwalimu mzima! Nikatunga mwenyewe:

Sultani kashika jembe,
Kalima bila uzembe,
Binti kaleta kikombe,
Trekta likanguruma.

Waliupenda ajabu. Waliuimba hata kwenye shamba la kijiji, nami nikavimba kichwa.

Siku moja akaja mkaguzi kutoka Kilosa, na nakala yake kamili mkononi. Watoto wakamwimbia mpaka kwenye trekta. Akakunja uso, akafungua ukurasa wa mwisho.

"Mwalimu, hili trekta limetoka wapi? Humu binti anazama mtoni."

Mwanaidi, aliyekaa dawati la mbele, akasimama.

"Shikamoo, Ndugu Mkaguzi. Hicho chako kimekosewa. Cha kweli anacho mwalimu wetu. Mwalimu, mwonyeshe!"

Wote wakanitazama kwa fahari. Nikakinyanyua kitabu changu, na udongo wa mchwa ukamwagika juu ya viatu vya mkaguzi.