Nodirbek Anawapangia Wapika Halua Mikakati

Nodirbek alirudi mjini kwetu Kokand kutoka mji mkuu, Tashkent, na suti moja na kikohozi cha kibwanyenye. Baba yake, mwoka mikate, alimwuliza amesomea nini miaka yote ile. "Mikakati ya biashara," akajibu. Mzee akamwomba basi amsaidie kusogeza gunia la unga. Nodirbek akasema mgongo unamuuma.

Kazi yake ilikuwa hii: anaingia dukani kwako, anakunywa chai yako, anachora msalaba kwenye karatasi kubwa upate miraba minne. Juu nguvu na udhaifu wako, chini fursa na vitisho vya sokoni. Zana yenyewe si mbaya, mwenye macho angeona mengi kwayo. Nodirbek alikuwa na mdomo tu.

Alianza na Saidakbar, mpika halua wa mtaani kwetu. Nilikuwepo.

"Nguvu yako, aka," Nodirbek akaanza, kwa neno letu la heshima kwa kaka, "ni jina la ukoo. Udhaifu: halua ni chakula cha wazee. Fursa: keki za harusi. Kitisho ni Tolibjon wa ng'ambo ya barabara."

"Huyo kitisho tangu utotoni," Saidakbar akasema. "Aliniibia njiwa."

"Basi mwachie halua. Wewe oka keki."

Siku hiyohiyo akavuka barabara, akamchorea Tolibjon karatasi ileile, majina tu ndiyo yaliyobadilishana nafasi. Hakumwuliza mnunuzi hata mmoja.

Kabla ya Navruzi, sikukuu ya machipuko, wote wawili waliuza masufuria yao ya shaba, wakanunua majokofu ya vioo. Mabango yakapanda: keki huku, keki kule, na mtaa mzima hauna kipande cha halua. Wageni waliotoka Fergana kuifuata waliondoka wakisonya. Keki zikachacha.

Wakambana Nodirbek kwenye nyumba ya chai.

"Kwangu, kitisho ulimwandika nani?" Tolibjon akauliza.

"Saidakbar-aka."

"Na kwake?"

Nodirbek akajimiminia chai.

"Sema, msomi!"

"Wewe, aka."

"Kumbe umetupakulia sinia moja kama mbuzi!" Saidakbar akafoka.

Nodirbek akanyoosha tai. "Uchambuzi haukukosea. Soko ndilo halikuelewa."

Nilitarajia kipigo. Alimwagiwa chai tu, tena ya vuguvugu.

Hasara iliwalazimisha wale wawili kununua sufuria moja na kupika pamoja. Sasa wanatukanana kutwa kuhusu sukari, lakini halua imerudi, na watu wanapanga foleni.

Nodirbek je? Anafundisha chuoni, mji mwingine. Anawaambia wanafunzi kwamba ule ubia ni mkakati wake, aliupanga tangu mwanzo. Alinieleza hayo mwenyewe bila kupepesa macho. Nikamwuliza kama ameshaionja hiyo halua.

"Mimi?" akashangaa. "Sipendi vitu vitamu."