Maganda ya Makadamia kwa Madigadi za Jirani

Wacha watu waseme wivu ni wa wasichana. Mimi nilikuwa nimeolewa, nina watoto watatu na kiti changu kanisani, na niliona wivu juu ya madigadi mbili za pikipiki, yale mabati ya kukinga matope.

Tulikuwa tunakaa mtaa wa Dallas, hapa Embu. Bwana yangu wiki nzima alikuwa mtu wa ofisi. Jumamosi anavaa ovaroli na kuwasha kompresa, ile mashine ya upepo, nyuma ya nyumba. Anajaza mchanga kwenye mtungi, upepo unausukuma kupitia mpira, unatoka kwa nguvu na kukwangua kutu na rangi kuukuu. Watu walimletea mageti na fremu za vitanda, naye alijipenda kweli akiwa kwa hiyo kazi.

Nilimpa sanduku la bati la mama yangu, nililotoka nalo Kangeta, kwetu Meru, siku ya kuolewa. Lilikuwa limeshika kutu. Nilitaka lipakwe rangi mpya, likae sebuleni watu waone. Akachota mchanga wa mto, uleule wa mageti, akafungulia upepo wote. Bati ni jembamba, jamani! Kifuniko kilijikunja, na upande mmoja ukatoboka matundu madogo madogo. Aliliangalia, akasema, "Mama watoto, hii bati ilikuwa imezeeka." Akaenda kunawa. Sikumlaumu, kwa sababu nilidhani hajui njia nyingine.

Kumbe anajua.

Jirani yetu alikuwa mjane, mwalimu, meno meupe, sauti ya kwaya. Akaleta madigadi za pikipiki ya marehemu bwana yake, anataka kuitengeneza awe akiipanda kwenda shule. Bati lake jembamba vilevile. Basi nikaona maajabu. Bwana yangu, ambaye hajawahi kuniuliza chai yangu iwe na sukari ngapi, alikaa na zile madigadi mapajani akifikiri kwa sauti. Mchanga? Hapana, utakunja bati, na vumbi lake linakula mapafu. Eti leo mapafu ameyakumbuka! Magunzi ya mahindi yaliyosagwa? Laini mno, yatapangusa tu. Magadi? Yatatoa rangi, kutu itabaki. Mwisho akaamua maganda ya makadamia: magumu kiasi cha kutoa rangi na kutu ya juu, mepesi kiasi cha kutoumiza bati.

Maganda yangu! Niliyabeba kutoka Meru kwa gunia, yawe ya kuwasha jiko. Akayatwanga kwenye kinu changu, akayachekecha kwa chekecheke langu la unga, akayarudia tena ili chembe zilingane. Akajaribu kwanza kwa mfuniko wa mkebe. Akapunguza upepo, akasimama mbali, akaupitisha mpira kwa upande, polepole, bila kukaa mahali pamoja. Mimi nilikuwa dirishani naosha vyombo, roho inaniuma kabisa.

Nikatoka. "Baba watoto, kumbe lazima nifiwe ndio nichekechewe maganda?"

"Aa, wacha maneno. Si hilo sanduku lako ndilo lilinifunza?"

"Ati nini? Langu la kujifunzia, zake za kufanya?"

Akarudisha barakoa puani, akaendelea na kazi.

Jumapili baada ya kanisa jirani alikuja. Madigadi zilikuwa laini, zimenyooka, hakuna kovu. Alipitisha kidole ukingoni, machozi yakamlengalenga, na hata hayo machozi niliyaonea wivu. "Bwana yako ana mkono mpole," akaniambia. Nikamwambia Mungu ndiye hupeana.

"Una bahati, mama. Kama jirani anafanyiwa hivi, mke wake je? Lazima amekutengenezea vitu vingi."

Bwana yangu alikuwa amesimama hapo hapo, kitambaa mkononi. Nikamngojea. Nilitaka aseme neno moja tu, hata la uongo, mradi litoke kwake.

Akaangalia viatu vyake.

"Vingi," nikamjibu jirani. "Hata sijui nianzie wapi."