Mama Mkubwa kanisahau mbele ya wakili

Jamani, leo Mama Mkubwa amenikana mchana kweupe.

Nimekuja likizo kumfuatilia mama kibali cha kuhamia kwangu Kanada. Wanataka uthibitisho kwamba yeye ndiye aliyenizaa. Cheti sina. Nilizaliwa nyumbani, Mlali, na shahidi aliyebaki hai ni mmoja tu: dada yake mama, aliyenikata kitovu.

Huyu Mama Mkubwa kila harusi lazima awasimulie watu! Mvua inanyesha, paa linavuja, mimi nalia kama mbuzi. Mnaijua hiyo hadithi, msijifanye.

Basi leo nimempeleka Makole kwa wakili akaape.

Wakili akamwamkia vizuri, akamuuliza, "Bibi, ulikuwepo huyu alipozaliwa?"

Akanitazama. Akatazama sakafu.

"Mwanangu, uzee huu. Sikumbuki."

SIKUMBUKI!

Nikamkumbusha mvua. Nikamkumbusha paa. Eti labda alikuwa mtoto mwingine.

Tukaanza safari ya kurudi nyumbani, Nzuguni. Njia nzima nilikuwa nawaza nitamwambiaje mama, maana ataumia sana.

Tumefika, mama yuko mlangoni. Mimi wala hakuniuliza kitu. Alimgeukia dada yake.

"Umesema kama tulivyopanga?"

"Nimesema."

Mama akashusha pumzi, akaenda kututengea ugali na mlenda.

Miaka yote kwenye simu ni "nichukue, mwanangu, nichukue". Kuniambia hataki kulimshinda nini?

Haya, semeni. Ninyi mngekula? Wenyewe wanakula na kucheka. Mimi nimeshindwa hata kunawa.