Mama Mkwe Anachagua Samaki

Mume wangu anafundisha watu kuendesha gari hapa Moshi mjini, na kazi hiyo imempa presha. Si ajabu. Kukaa kutwa nzima pembeni ya mtu anayekanyaga mafuta akidhani ni breki kunazeesha. Daktari alimbadilishia vidonge, kisha akamshauri atafute kitu cha kumtuliza jioni, mbali na mpira wa kwenye televisheni, kwa sababu mpira nao ulikuwa umebeba sehemu yake ya ile presha. Akarudi nyumbani na wazo la samaki. Mgonjwa mwenzake alikuwa amemwambia pale kliniki kwamba ukikaa ukiwatazama samaki wanavyokwenda na kurudi, moyo unapoa.

Mimi nilicheka. Wazazi wangu walitoka Kanda ya Ziwa kuja kufanya kazi kwenye mashamba ya miwa huku chini, na kwetu samaki anatazamwa akiwa sahanini, na ndimu pembeni.

"Yaani ununue samaki, halafu wewe ndiye umlishe?"

"Ndiyo."

"Na usimle?"

"Simli."

Nikamwambia daktari angempima na kichwa.

Lakini mzee akishaamua, ameamua. Fundi wa vioo alimtengenezea tangi refu, tukaliweka sebuleni kwetu Pasua, juu ya meza iliyokuwa ya kulia chakula. Tukaweka kokoto, mashine ya hewa na kichujio. Tukajaza maji ya bomba na kuyaacha yatulie kwa siku kadhaa. Siku zote hizo mume wangu alikuwa akirudi kutoka kazini, anavua viatu, anakaa mbele ya maji matupu na kuyatazama. Nikamuuliza kama moyo umeshaanza kupoa. Akasema nimwache.

Wakati huo mama yake alikuwa ameshuka kutoka Old Moshi kwa ajili ya goti, maana alitakiwa kufanyiwa mazoezi hospitali kila wiki, akawa analala chumba cha watoto ambao wako bweni. Mama mkwe ni mtu wa mlimani hasa. Ana kihamba chake cha migomba na kahawa, ana ng'ombe anaowakatia majani kwa mkono wake, na hajawahi kutia samaki mdomoni. Wazee wengi wa kule zamani hawakuwa wakila samaki. Walimwona ni ndugu yake nyoka. Wajukuu zao wanakula bila wasiwasi, ila yeye hapana. Nikikaanga samaki, yeye hupata ghafla hamu ya kukaa nje.

Alilizunguka lile tangi akiegemea fimbo yake. "Haya maji ni ya nini?"

"Ya samaki, mama," mume wangu akajibu.

"Wa kula?"

"Wa kuangalia."

Akanigeukia mimi, kana kwamba nilikuja nao siku ya harusi. "Ni wewe?"

"Safari hii si mimi, mama. Ni mwanao."

Jumamosi tulipojiandaa kwenda dukani, tukamkuta ameshavaa, kilemba kichwani, kakaa kwenye kiti cha mlangoni. Alisema kitu chochote chenye uhai kinachoingia nyumbani kwa mwanawe, atakiona kwanza.

Duka lenyewe ni dogo, limejaa matangi kutoka sakafuni hadi darini, na ndani kuna joto la kupendeza. Muuzaji, kijana mpole mwenye kandambili, alimpa bibi shikamoo na kiti.

"Marahaba," akasema mama mkwe. "Haya, tuonyeshe mifugo yako."

Kijana akatuonyesha. Kulikuwa na samaki wa manjano waliokoza kama papai lililoiva, na wa bluu wenye milia ambao alisema asili yao ni Ziwa Nyasa. Hao mume wangu aliwapenda mara moja, lakini kijana akamwonya kuwa ni wagomvi, hawakai na wageni. Kulikuwa na wengine wadogo kama kucha, wenye mstari unaong'aa ubavuni. Mume wangu akapita wote hao, akaenda kusimama mbele ya samaki wa dhahabu, na nikajua tayari ameshachagua. Mmoja alikuwa na mwili mwekundu na tumbo jeupe. Nyekundu na nyeupe ndiyo rangi ya timu yake.

"Daktari si alisema uachane na mpira?" nikamuuliza.

"Huyu ni samaki," akasema, akiwa amekunja uso kama mtu aliyesingiziwa.

Mimi, niliyekuja kucheka tu, nilinaswa na kisamaki kimoja walichokiita gapi. Mwili wake haukuwa na maana, lakini mkia! Ulikuwa mpana, una bluu, una rangi ya chungwa, una madoadoa meusi, na ulikuwa ukipepea kama kitenge kipya. Nikasema nataka huyo.

Mama mkwe akasogeza uso hadi kwenye kioo. "Huyu amevaa kwenda harusini," akasema. "Nani atafanya kazi?"

Kisha akaanza kuchagua wa kwake, na duka lote likasimama. Alichagua vile anavyochagua mtamba mnadani. Alitazama macho kama yana ukungu. Alitazama mkia kama umekatika. Alimwamuru kijana awatupie chakula, ili aone nani anakuja mbio na nani anajificha nyuma ya jiwe. "Asiyekula leo, kesho ni msiba," akasema. Akauliza huyu ametoka wapi, ameletwa lini, mama yake alikuwaje. Kijana alijibu alichojua, na asichojua akakiri.

Nilikuwa nimesimama nyuma yao nikitabasamu peke yangu, kwa sababu maswali hayo niliyafahamu. Siku niliyopelekwa mlimani kutambulishwa, niliulizwa karibu yote, isipokuwa la mama yangu, ambalo aliulizwa mama mwenyewe.

Mwishowe akanyoosha fimbo kumwonyesha samaki mmoja wa kijivu, mnene, asiye na rangi wala mapambo. "Huyu. Ana heshima."

Mume wangu akashika kiuno. "Mama, tumekuja kutafuta samaki wa rangi. Huyo anafanana na kokoto."

"Bibi amechagua vizuri," kijana akasema. "Huyo ni jike, na ana mimba. Ndiye mke wa yule aliyechaguliwa na mama hapa. Gapi madume ndio wanaojipamba. Majike wako hivyohivyo."

Mama mkwe akamtazama mwanawe kuanzia kola ya shati lake la maua, lile analolivaa Jumamosi, hadi viatu vilivyopigwa rangi.

Kijana akatuambia, kwa adabu lakini waziwazi, kwamba samaki wa dhahabu si wa kuchanganya na gapi, maana akikua anameza chochote kinachoenea mdomoni. Mume wangu akasema wa kwake bado ni mdogo na ana sura ya upole. Tukaondoka na mifuko ya plastiki iliyojazwa maji na hewa, na mama mkwe akampakata wake mapajani ndani ya gari, akimkataza mwanawe kukata kona kwa kasi. Mwalimu wa udereva akaendesha kama mwanafunzi.

Majuma yaliyofuata nyumba yetu ilibadilika. Mama mkwe aliamka mapema kuliko wote na kuketi mbele ya tangi na chai yake. Kulisha akakutwaa yeye. Mume wangu akirudi jioni anamkuta mama yake ameshakalia kiti chake cha kupumzikia, anapewa taarifa: mwekundu kamfukuza mwenye kitenge, mwenye kitenge hafanyi lolote ila kumzunguka mke wake, na huyo mke amezidi unene, jamani.

Asubuhi moja nilikuwa jikoni nikasikia anaita kama nyumba inaungua. Tulikimbia wote wawili, mume wangu akiwa na povu la kunyolea ndevu kwenye shavu moja. Tangi lilikuwa na vifaranga, vidogo kama vipande vya sindano, kila kimoja na macho mawili meusi. Na yule mwekundu alikuwa akipita katikati yao akivimeza, taratibu, bila haraka, kwa ile sura yake ya upole.

"Anakula watoto wa wenzake!" mama mkwe akapiga kelele. "Mtoe!"

"Mama, ni samaki tu. Ndivyo alivyoumbwa."

"Hata mbwa wa jirani hafanyi hivyo. Mtoe, nasema!"

Mume wangu akachovya mkono akamtoa, akamtia kwenye ndoo. Tukashusha pumzi. Ndipo yule wa kijivu, mwenye heshima, mzazi mwenyewe, akageuka, akafungua mdomo, akameza mwanawe aliyekuwa mbele yake. Kisha akafuata mwingine.

Nilimwona mume wangu anang'ata mdomo wa chini, na povu lake linatetemeka.

"Mama," akasema hatimaye, "huyo si ndiye yule—"

"Nyamaza." Akakaa kitini, fimbo magotini. Akafikiri. "Ni njaa. Kajifungua, na nani kampa kitu? Mzazi hupewa mtori wa ndizi. Ninyi mmemwacha na maji matupu."

Hatukubishana. Nilichukua kichujio cha chai nikaanza kuchota vifaranga vilivyojificha kwenye kokoto, na yeye akanishikia beseni. Tulifanya kazi hiyo muda mrefu, vichwa vyetu vikigusana, mume wangu akiwa ameenda kumalizia ndevu zake. Katikati ya kazi akasema, bila kuniangalia, "Ulipojifungua yule wa kwanza, mama yako alikuletea mchuzi wa samaki."

"Ndiyo, mama."

"Nikautoa nje na sufuria lake."

"Ndiyo. Ukaniletea mtori."

Akachungulia besenini. "Kumbe na yeye alikuwa anakulisha tu. Pale nyuma ya jiwe kuna kingine, usikiache."

Mama yangu alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo sikuwa na wa kumpigia simu. Niliinama nikakitafuta kile kifaranga mpaka nikakipata.

Kijana wa dukani alituelekeza tuvipe vifaranga kiini cha yai la kuchemsha kilichopondwa, kidogo tu, na vingi vikapona. Yule mwekundu alinunuliwa tangi lake, ambalo lipo chumbani kwetu, maana sebuleni mama mkwe hakutaka hata kumwona. Presha ya mume wangu ilishuka kidogo. Yeye anasema ni samaki. Mama yake anasema ni mtori aliokuwa akimpikia. Mimi nasema ni kwa sababu mwanafunzi wake mmoja alifaulu mtihani na kuondoka.

Goti lilipopata nafuu mama mkwe akarudi kwake. Tulitaka kumpa gapi wachache akakataa, kule juu ni baridi na yeye hataki kuua watoto aliowalea kwa mayai. Lakini siku hizi hutelemka hata asipoumwa, na kikapu cha ndizi mkononi, na akifika hupita mbele yangu kwenda kwenye tangi kwanza.

Krismasi tukapanda mlimani kama kawaida. Wanawake tulikuwa nyuma ya nyumba tukimenya ndizi, naye akawa anawasimulia majirani habari za mjini: kwamba nyumbani kwa mwanawe kuna watu wanaokaa majini, waume zao wanavaa magauni na hawana kazi, na wake zao wana kazi lakini hawana nguo. Walicheka mpaka mmoja akaangusha kisu.

"Na mnawala?" jirani huyo akauliza.

"Hawaliwi," mama mkwe akajibu. "Wanalana wenyewe, kama ukoo wetu."

Kisha akanisogezea mkungu mwingine, akaniambia nimenye hizo nazo, na maganda nisiyakate manene kama nilivyofanya mwaka jana.