Karatasi ambayo Apolline hakuitia kidole

Sévère alikuwa mpagazi wa bandari ya Kalundu, mjini Uvira. Siku moja ya Septemba 1963, lori la pamba kutoka bonde la Ruzizi liliteremka barabara ya bandari bila breki, likambana na ukuta wa bohari. Akafa palepale. Mkewe Apolline alikuwa ufukweni akianika ndagala. Walipokuja kumwambia, alitandaza kwanza samaki waliobaki, akanawa mikono, kisha akawafuata.

Msibani hakulia. Watu walisema ana roho ngumu. Yeye aliwasikia kwa mbali, kama mtu aliyeingiwa na maji masikioni.

Wiki ya tatu alikuja mtu wa bima ya lori, au asiransi kama walivyosema Uvira, na karatasi ya Kifaransa.

"Pole, Mama. Weka kidole hapa, dosiye iende mbele."

Apolline alinyoosha mkono. Kidole kilikwisha kugusa wino, ndipo jirani yake Thaddée, katekista wa mtaa wa Nyamianda, aliyezoea kumwita kwa jina la bintiye, akasema, "Ngoja, Mama Georgette. Nisome kwanza."

Akasoma mara mbili.

"Iko inasema bwana yako alikuwa amelewa, akajitupa mbele ya lori."

"Sévère hakukuwa anakunywa."

"Ni maneno tu, Mama," akasema yule mgeni. "Bila hii hutapata kitu."

"Basi miye siweki."

Alisema bila hasira, akafuta kidole kwenye kitenge chake.

Thaddée alimsindikiza mahakamani kumshtaki mwenye lori. Karani alitaka hati ya polisi, cheti cha ndoa, na shahidi. Shahidi alikuwa mmoja tu: Protais, dereva mwenyewe. Apolline akaenda kwake.

"Nilimwambia patron freni ziliisha," Protais alisema habari ya breki na tajiri wake, macho chini. "Akasema peleka tu, pamba iko inangojewa."

"Utasema vile mbele ya juji?"

"Watanifunga, Mama."

"Labda."

Hakumbembeleza. Aliaga, akaondoka.

Kesi ilipangwa mwisho wa Mei 1964. Kabla ya siku hiyo waasi waliingia mjini. Juji alivukia Bujumbura, na mtu wa bima hakuonekana tena. Makaratasi ya mahakama yalitupwa barabarani, wauza samaki wakayaokota kufungia ndagala. Apolline naye aliyatumia. Hakujua kusoma, wala hakumwomba mtu amtafutie jina la mumewe.

Mahakama ilifunguliwa tena mwaka 1966. Dosiye, lile jalada la kesi, haikuwepo. Karani alimwambia aanze upya, akaanza upya.

Siku ya kusikilizwa, Protais alikuja bila kuitwa. Alikuwa amekonda. Alieleza habari ya freni na ya patron, hakuficha kitu.

"Na marehemu alikuwa amelewa?" juji aliuliza.

"Hapana. Alibeba gunia mgongoni. Hakuniona."

Ikaandikwa kwamba Sévère hakuwa na kosa. Patron alikuwa amekwisha kuhama nchi, na ile kampuni ya bima ilikuwa imefunga ofisi yake. Hapakuwa na wa kudaiwa. Protais alifungwa miezi sita.

Walipotoka, Thaddée alimuuliza, "Mama Georgette, unasikia namna gani?"

Apolline alikaza kitenge chake kiunoni.

"Sijui. Njaa, labda."

Wakanunua mihogo ya kuchoma kando ya njia, wakala wamesimama.

Jumapili alipika bugali na samaki, akapeleka gerezani. Protais alipomwona alisimama. Apolline alimsukumia sahani, akakaa karibu naye mpaka akamaliza kula.