Taya la Jenereta

Kiwandani walimwita Jenereta, na jina hilo hakulipata kwa sababu ya nguvu. Alikuwa mpasua mbao, mtu wa msumeno mkubwa, na kila alipojiegemeza baada ya kula mchana alikoroma mpaka wenzake wakahamishia benchi lao upande wa pili wa ua.

Nyumbani hakukuwa na ua wa kuhamia. Mkewe alihamia sebuleni, lakini alirudi mlangoni mara kwa mara kusikiliza, kwa sababu kilichomtisha hasa kilikuwa ukimya. Mkoromo ulikatika ghafla, kifua kikahangaika bila hewa kuingia, kisha mume akashtuka kama mtu aliyeibuka majini. Alipomweleza, Jenereta alisema hajawahi kuona mtu akilaumiwa kwa kukoroma na kwa kutokoroma, vyote kwa usiku mmoja.

Mke akapeleka habari kwa kaka yake. Kaka mtu, kwa bahati mbaya, ndiye aliyekuwa nyapara wa kiwanda.

"Shemeji, unasinzia kwenye msumeno."

"Dada yako kakwambia."

"Macho yangu yameniambia. Jana gogo limepita, wewe umefumba. Shika ufagio. Ukitibiwa, utarudi."

Jenereta akawa mfagia unga wa mbao. Msumeno wake alipewa kijana ambaye Jenereta mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi, na ambaye sasa alimwamkia kila asubuhi kwa heshima ya kuudhi.

Hospitalini walimlaza na nyaya kifuani, wakaona koo linajiziba na pumzi inakatika usiku kucha. Wakampa mashine ya kupuliza hewa, yenye barakoa. Aliivua kila usiku bila hata kuamka. Ndipo daktari akamwelekeza kwa daktari wa meno.

"Ugonjwa uko kooni, wananipeleka kwenye meno," alimwambia mkewe. "Kesho watanipeleka kwa kinyozi."

"Huko kwa kinyozi ndiko ungeanzia, baba watoto. Nywele zimekuwa kichaka."

Daktari wa meno alikuwa mama mkavu wa maneno. Alikagua meno na fizi, akamjaza mdomo uji mzito wa kuchukua chapa ya meno, na kwa kuwa mgonjwa hakuweza kujibu, akautumia muda huo vizuri.

"Ukilala, baba, ulimi unarudi nyuma unaziba njia. Nitakutengenezea kifaa cha kuvaa kwenye meno, juu na chini. Kinasogeza taya la chini mbele, ulimi unafuata, hewa inapita. Kina skrubu. Kila wiki zungusha kidogo. Kidogo, umesikia?"

Jenereta alisikia skrubu. Maisha yake yote, kitu kilicholegea alikikaza, na kilichokazwa kilifanya kazi. Usiku wa kwanza akakaza mpaka mwisho.

Asubuhi meno ya juu na ya chini hayakukutana, na mkate ulimshinda.

"Unafanana na droo iliyogoma kufunga," mkewe alisema, akamsindikiza kwa daktari ili asikose kusikia mume akikaripiwa.

"Nani amekaza hivi?" daktari aliuliza.

"Mimi ni fundi."

"Wa nini?"

"Mbao."

"Ubao hauna misuli wala kiungo cha taya." Akairudisha skrubu mwanzo. "Ukiharakisha tena, tafuta daktari mwingine."

Safari hii alitii, kwa nia mbaya: alitaka kuthibitisha kwamba kifaa hakifai. Wiki zikapita. Mke akarudi chumbani bila kutangaza. Jenereta akaanza kuamka bila kichwa kumgonga, akasifu mto. Walipompima tena akiwa na kifaa mdomoni, koo lilibaki wazi karibu usiku mzima. Nyapara akasoma majibu kwa sura ya mtu anayetafuta kosa, akamrudishia msumeno.

Mchana ule, saa ambayo zamani kope zake zilikuwa nzito kama magogo yenyewe, Jenereta alikuwa macho. Akalitazama gogo mbele yake.

"Nani kachora mistari hii?"

"Mimi," nyapara alisema.

"Imepinda."

"Mbona miaka yote unaifuata hivyo hivyo?"

"Nilikuwa nimelala," Jenereta alisema, akazima msumeno, akasubiri shemeji yake achore upya.